Mshuko wa Goti la Kushoto

Mwaka ulikuwa umesharudi mara nne, na watu wa mji ule walishauzoea kama viatu vya kuazima: vinabana, lakini utakwenda wapi miguu mitupu. Siku ya mwisho kalenda zilishushwa ukutani, zikapanguswa vumbi, na kesho yake zikatundikwa tena palepale. Mvua ilinyesha siku zilezile. Mbuzi yuleyule aliingia duka lilelile akala unga uleule, na mwenye duka, aliyejua dakika ambayo mbuzi angetokea, alimtazama tu, kwa sababu alishawahi kumfukuza na haikusaidia kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kushindwa. Kila mwisho wa mwaka, mji ule na mji wa ng'ambo ya mto, kila mmoja ulitoa mpiganaji wake. Wawili hao walikutana saa sita mchana juu ya mkeka uliotandikwa katikati ya daraja. Aliyeshinda alirudi kwao na mwaka mpya. Aliyeshindwa alirudi na ule wa zamani, na watu wake wakauanza upya kimyakimya.

Vilivyovunjika tu ndivyo ambavyo havikurudi. Sahani iliyopasuka mwezi wa tatu, mwezi wa tatu ulipofika tena ilikuwa bado vipande. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini wakati unakumbuka nyufa na kusahau mengine yote. Mwalimu Vuai alilifikiria jambo hilo kuliko mtu yeyote mjini, kwanza kwa kuwa wapiganaji wote walitoka kwenye ukumbi wake, na pili kwa kuwa alikuwa na goti.

Mtoto wa mji ule akiulizwa Mwalimu anafundisha nini, hatasema ngumi wala teke. Atapiga hatua mbili, kisha goti la kushoto litashuka, bega la kushoto litalifuata, kiwiliwili chote kitazama kidogo, halafu atainuka na kupiga. Huo ndio Mshuko. Wauza samaki walitembea hivyo. Maharusi waliingia hivyo ukumbini, na wazee waliokwenda kuzika walishuka hivyo na jeneza mabegani, jeneza likiyumba na maiti ndani yake akiyumba nalo. Mji mzima ulikuwa unachechemea na kuona fahari.

Na Mshuko ulizaliwa bafuni.

Mwalimu hakupigana na watu saba, wala hakuoteshwa ndoto. Alikanyaga kipande cha sabuni ya kufulia, kile chembamba cha mwisho ambacho wengine hukitupa na yeye alikitunza, akaenda chini na goti likageukia upande ambao magoti hayageukii. Alikaa pale kwenye maji, uchi, akaita mtu. Halafu akaacha kuita, maana aliwaza kwamba atakayekuja atamwona. Siku ya tatu alijikaza akaingia ukumbini, goti limefungwa kitambaa chini ya suruali. Angeweza kusema, jamani, nimeumia. Ni maneno mawili tu. Lakini alimkumbuka mwalimu wake mwenyewe, ambaye siku alipokohoa damu mbele ya wanafunzi, wote waliinamisha macho, na kufikia jioni walikuwa na mwalimu mwingine. Katika mji ule mwalimu alikuwa ni mwili uliosimama kuliko miili yote, basi. Kwa hiyo alipanda mkekani, akapiga hatua mbili, goti likamsaliti, akashuka, na kwa woga wa kuanguka akaugeuza mwanguko kuwa ngumi.

Ukumbini kulikuwa na kanuni moja tu, nayo iliitwa Fuata. Mwalimu akiwa juu ya mkeka, fanya afanyacho, kama afanyavyo, usiulize. Wanafunzi thelathini wakapiga hatua mbili, wakashuka, wakapiga. Wakati wa kutoka alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Umeona Mwalimu alivyoshuka leo?" Alisikia, akajitia hamnazo. Kufikia mwisho wa wiki kitu kile kilikuwa na jina, na mtu akishakipa kitu jina si rahisi kumwambia kwamba kitu chenyewe hakipo.

Ilikuwa katika wiki hiyohiyo kwamba mtoto wa kike wa miaka sita aliletwa ukumbini na dada yake. Mtoto aliitwa Sikudhani. Mpiganaji wa kwanza aliyemwona maishani mwake alikuwa mtu anayechechemea, na watu wanampigia makofi.

Kwa miaka tisa Mshuko ulishinda. Watu wa ng'ambo hawakuwahi kuona kitu kama kile, na mtu hujilinda na anachokijua. Kisha wakatulia, wakatazama, wakagundua kwamba anayeshuka vile, kwa muda wa kupepesa jicho, uzito wake wote unakuwa juu ya goti moja lililokunjwa vibaya. Wakafundishana ngwala moja. Ussi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata. Alirudishwa amebebwa juu ya mlango, na mwaka haukubadilika. Alipopona na kuingia ukumbini kwa miguu yake, wanafunzi wote walisimama wima, kwa sababu alikuwa anatembea kama Mwalimu kabisa, bila kujilazimisha. Walisema amefuzu. Alipewa nafasi kwenye benchi la ukutani, akakaa kama mfalme. Baada yake wakaja watatu wengine, mwaka hadi mwaka, yaani ndani ya mwaka huohuo mmoja. Sasa benchi lilikuwa na watu wanne wenye goti moja zima kila mmoja, na mji uliwaonea wivu.

Safari hii ilikuwa zamu ya Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, au kumi na tisa, inategemea nani anahesabu. Hakuwa anatafuta benchi. Alikuwa anakwenda kwa ajili ya Mishi, dada yake yuleyule aliyemshika mkono siku ile ya kwanza. Mishi alishika mimba mwezi wa tano wa mwaka ule usiokwisha. Kila mwezi wa kumi na mbili tumbo lilikuwa la miezi minane, mtoto anacheza, ana jina. Kisha mwaka ulirudi, na Mishi aliamka asubuhi tumbo limelala. Kofia alizoshona zilirudi kuwa kitambaa dukani. Mwezi wa tano alishika mimba tena, mtoto yuleyule, akamwita jina lilelile na kuanza kushona. Mara nne. Hakulia mbele ya watu. Siku moja tu alimwambia mdogo wake, "Huyu mtoto atafikiri simtaki."

Asubuhi ya siku ya mwisho Mwalimu Vuai alikuwa amelala chali kwa Bi Kazija, muunga mifupa, goti limepakwa mafuta ya nyonyo. Bi Kazija ndiye mtu pekee aliyejua habari za sabuni. Alikuwa bibi mkavu, mchache wa maneno, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kiasi kwamba hata kikombe alikishika kwa viganja viwili.

"Goti hili limekuchoka," alisema.

"Wapo wanaonong'ona, Bibi. Wanasema mwalimu wa mapigano lazima awe na mwili mzima. Wanasema napumua kama mtu anayepanda mlima."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema labda wana haki. Ningeachia ukumbi zamani, wale wanne wangekuwa wanatembea wima."

Bi Kazija alimwita binti yake, akamwelekeza kwa kidevu. Binti alishika goti. "Hapo," alisema Bi Kazija. "Juu kidogo. Vuta. Usiogope, vuta. Acha." Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno ya Mwalimu, kisha yakashuka. Binti akanawa mikono akatoka.

"Umeona nani amekuvuta mguu?" aliuliza Bi Kazija.

"Binti yako."

"Na nani amekuunga?"

Mwalimu alivitazama vidole vya Bi Kazija.

"Vidole vyangu vilikufa siku nyingi, mwanangu. Siku vilipokataa, nilimwita yule mtoto nikamwambia, tazama, mikono yangu haifanyi tena, usiishike mifupa kama unavyoniona nikiishika, ishike kama ninavyokwambia. Nikaona aibu siku mbili, tatu. Zikapita. Mwalimu anaweza kuwa kilema, anaweza kuwa mnene hata mlango haumtoshi, akafundisha vizuri tu. Wewe ulipoteza goti, halafu ukaona bora uupoteze na mdomo."

"Nikisema leo, nitakuwa nimewaua wale wanne."

"Wale wamevunjika miguu. Hawajafa. Usiwazike ili upate sababu ya kunyamaza."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu," alisema Bi Kazija. "Nenda."

Njiani kwenda ukumbini aliona kivuli chake kinashuka na kuinuka ukutani, na nyuma ya kivuli chake vivuli vya wapita njia vinashuka na kuinuka, na kwa hatua kadhaa hakuweza kujua kipi ni chake.

Kama mwili wangu ulifundisha wakati mimi nimenyamaza, basi mwalimu ni nani.

Goti.

Basi mimi ni yule anayelibeba goti, kama punda anavyobeba mizigo ya bwana wake.

Nilipoanguka nilikuwa na miaka mingapi. Arobaini na moja. Goti lina miaka kumi na tatu. Ni dogo kuliko mimi, na linatawala mji.

Ni nani aliyewahi kumuuliza mtawala, mzee, mbona unachechemea. Watu huanza kuchechemea kwanza. Ndiyo heshima yenyewe. Halafu wanazaliwa watoto wasiojua kuna namna nyingine ya kwenda.

Sikuwalazimisha.

Sikuwakataza.

Kati ya maneno hayo mawili nimeishi vizuri, nimekula, nimeamkiwa.

Shikamoo Mwalimu, lilimwambia duka. Shikamoo Mwalimu, ulimwambia ukuta. Akaitikia marahaba, marahaba, mpaka akafika.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi arobaini, magwanda meupe, na benchi la wanne ukutani. Sikudhani alikuwa mbele, nywele amezibana nyuma, mikono imetulia kama ya mtu anayesubiri kupokea kitu. Mwalimu hakupanda mkekani. Alisimama pembeni, karibu na mlango, akasema kwa sauti ambayo ilimshangaza mwenyewe kwa udogo wake:

"Mshuko haupo."

Hakuna aliyetikisika.

"Niliteleza bafuni. Nilikanyaga sabuni. Goti langu lilivunjika, na nilipokuja hapa nikawa naanguka, nanyi mkadhani nafundisha. Nikaona aibu kuwaambia. Kila mara mliposhuka, mlikuwa mnaiga ugonjwa wangu. Ndiyo maana wanatuvunja. Nisameheni. Sikudhani, usishuke leo. Nenda umesimama."

Kisha, kutoka safu ya nyuma, mtu alianza kutikisa kichwa polepole kwa kuridhika, na wengine wakamfuata. "Anatupima," alisema mmoja. Walikuwa wanamtazama kwa mapenzi, jinsi wanavyomtazama mtu mkubwa anayejishusha kwa makusudi. Mwalimu alijisikia baridi. Miaka yote aliogopa kwamba akisema ukweli hawatamheshimu tena. Hakuwahi kufikiri kwamba watamheshimu zaidi.

Ussi ndiye aliyeinuka kutoka kwenye benchi. Alikuja mpaka karibu kabisa, hatua moja nzito, moja nyepesi, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Mwalimu, mimi nakuamini."

"Ahsante, Ussi."

"Usinishukuru. Ukisema ni sabuni, sisi wanne tumevunjika kwa ajili ya sabuni. Mimi nina mke. Kila asubuhi ananisaidia kuvaa, na anajivunia. Umeshasema mara moja. Wameichukua vizuri. Usirudie." "Nakuomba, Mwalimu. Kama kweli ulikuwa na la kusema, ungelisema kabla sijavunjika."

Mwalimu alitamani kumkumbatia, akakosa ujasiri. Alimtazama Sikudhani, na akaona kwamba ni yeye peke yake katika watu wale ambaye hakutikisa kichwa. Alikuwa amekunja uso kama anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika tano. Basi Mwalimu akafanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Alifikiri, mdomo wameukataa, nitawaonyesha kwa mwili. Akavua viatu, akapanda mkekani.

"Sikudhani, njoo mbele yangu. Nitashuka. Nikishuka, nipige ngwala kama wanavyopiga wa ng'ambo."

"Mwalimu."

"Nipige. Usinihurumie. Waone kilichomo."

Alipiga hatua mbili. Goti likashuka, bega likafuata. Sikudhani alizungusha mguu akauchota mguu wa kushoto wa mwalimu wake kutoka chini, safi, jinsi alivyowaona wa ng'ambo wakifanya, na goti likatoa mlio wa kijiti kikavu. Mwalimu Vuai alianguka ubavu, mkono umekunjika chini yake, akatoa sauti ambayo hakujua anayo.

Na ukumbi mzima ukaanguka.

Hakuna aliyewagusa. Mwalimu alikuwa juu ya mkeka, nao wakafuata. Wanafunzi thelathini na tisa walishuka kwa goti la kushoto, wakaenda chini ubavu, mkono umekunjwa, na vinywa thelathini na tisa vikatoa sauti ileile. Wale wanne wa ukutani nao walijiangusha kutoka kwenye benchi. Aliona nyuso zao kando ya uso wake, shavu sakafuni, zinamtazama kwa makini ili wasikose kitu. Alipokunja uso kwa maumivu, walikunja. Alipolia, walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli, maana huwezi kuliigiza jambo hilo kwa muda mrefu bila lenyewe kuja.

Sikudhani tu ndiye aliyebaki wima, kwa sababu alikuwa ameelekeana naye kama mpinzani, na mpinzani hafuati. Alitazama ukumbi uliolala. Alitazama miguu yake miwili.

"Ni kweli," alisema. "Ilikuwa sabuni."

"Ilikuwa sabuni, mwanangu."

"Basi nionyeshe namna ya kwenda bila kushuka."

Alijaribu kuinuka. Sakafu nzima ilijaribu kuinuka, ikashindwa. "Siwezi kukuonyesha," alisema. "Tembea kama ulivyotembea kabla hujaja hapa."

"Nilikuwa na miaka sita. Sikumbuki."

Alipiga hatua. Goti la kushoto likashuka lenyewe. Akarudia, likashuka. Akalipiga ngumi, kwa hasira, kama mtu anayempiga mnyama wa mtu mwingine aliyeingia shambani kwake, akarudia, likashuka.

"Sikiliza basi," alisema Mwalimu kutoka chini. "Usinitazame. Geukia ukuta. Weka kisigino kwanza. Sasa usiliache goti likatangulia, bana paja. Bega lako la kushoto, fikiria umelibebesha ndoo. Usiimwage. Haya."

Hakuwahi kufundisha hivyo maishani mwake. Alikuwa hana mguu, hana pumzi, jasho linamwingia machoni, na maneno yalikuwa yanatoka yamepangika, kila neno na mahali pake mwilini. Hapo, juu kidogo, usiogope. Sikudhani alipiga hatua moja. Akapiga ya pili, na ya tatu, goti halikushuka. Alikwenda mpaka ukutani akarudi, amenyooka, mrefu kuliko alivyowahi kuwa, na alipogeuka alikuwa analia na kucheka.

"Mishi ameshashona kofia mbili," alisema.

Mwalimu alimwonea huruma na fahari, na kwa mara ya kwanza tangu bafuni hakujionea aibu. Alifikiri, hiki ndicho nilichokuwa nacho siku zote. Kilikuwa kinywani tu.

Baragumu lilipigwa darajani. Sikudhani aliinama akaugusa mkono wa mwalimu wake, akapita katikati ya waliolala, akatoka.

Daraja lilikuwa la mbao na lilianzia mlangoni pa ukumbi. Mwalimu aliweka sikio sakafuni. Alizisikia hatua zake zikiingia kwenye mbao, zina uzito mmoja, sawa, sawa, sawa. Kelele za watu waliojipanga pande zote mbili zilipungua. Walikuwa hawamjui huyu anayekuja. Mtu mmoja aliguna. Kisha akasikia makofi, mawili halafu pumziko, mawili halafu pumziko, makofi ambayo mji ule ulimpigia kila mpiganaji ili ashuke nayo, na watu wakayadaka mpaka mbao zikawa zinatetemeka. Juu ya makofi hayo ilipanda sauti ya mwanamke mmoja, yenye furaha na hofu, sauti ya mtu mwenye kitu cha miezi minane chini ya mkono wake.

"Shuka, mdogo wangu. Washushie, Sikudhani, tunakutazama wawili."

Hatua zilisimama.

Mwalimu alifungua mdomo kupiga kelele, na vinywa vyote vilivyokuwa sakafuni vikafunguka pamoja naye, na sauti yake ikapotea katikati ya sauti zao.

Hatua zikaanza tena. Moja nzito, moja nyepesi.

"Anakwenda vizuri," alisema Ussi, shavu lake sakafuni, machozi yanamtoka. "Anakwenda vizuri sana."